Kimelea Kimoja, Chumba Kimoja, Watu Watano

Uchambuzi wa kisa cha kifua kikuu katika familia moja ya Nairobi, kwa wanafunzi wa uuguzi

Kwa nini kisa hiki

Mwanafunzi wa uuguzi hachukui muda mrefu kukariri ufafanuzi wa afya wa Shirika la Afya Duniani, wala kuchora pembetatu ya kisababishi, mwenyeji (mtu anayeingiwa na kisababishi) na mazingira. Ugumu huanza anapoulizwa kwa nini baba ameugua kifua kikuu na mke anayelala naye kitanda kimoja yuko mzima. Wengi hujibu kwamba mama ana bahati, kisha hunyamaza.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya swali hilo. Ndani ya chumba kimoja jijini Nairobi, watu watano walivuta hewa yenye bakteria wa aina moja, na kila mmoja akawa na hali yake. Anayeweza kueleza kilichowatofautisha watano hao ameshika kiini cha somo la afya na ugonjwa.

Majina, mtaa, vituo vya afya na tarehe vimeondolewa. Umri na maelezo machache ya kazi yamebadilishwa ili familia isitambulike.

Usuli

Familia hii iliishi katika mtaa wa mabanda usio mbali na eneo la viwanda. Chumba ni cha mabati, futi kumi kwa kumi, kimegawanywa kwa pazia. Upande mmoja kuna kitanda cha baba, mama na mtoto wa miaka mitatu. Upande wa pili kuna godoro la nyanya, yaani mama mzazi wa baba, jiko la makaa, mitungi ya maji na sanduku la shule. Dirisha lipo, ila limezibwa kwa kadibodi na kipande cha bati kwa kuhofia wezi. Hata likifunguliwa, linatazama ukuta wa jirani ulio karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono.

Baba, mwenye miaka 36, alikuwa kibarua wa kupakua magunia ya saruji kwenye bohari. Malipo ni ya siku kwa siku, na asiyefika getini kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi hukuta nafasi yake imechukuliwa. Alivuta sigara. Mama, mwenye miaka 31, aliuza chapati na maharagwe kando ya barabara. Kijana wao wa miaka 15 alisoma shule ya bweni na alikuja nyumbani wakati wa likizo tu. Nyanya, mwenye miaka 63, alikuwa na kisukari cha aina ya pili. Alikuwa anakuja Nairobi kwa ajili ya kliniki, anakaa miezi kadhaa, kisha anarudi mashambani.

Kabla hujaendelea kusoma, andika kando ni yupi kati ya hawa ungemhofia zaidi, na kwa nini.

Yaliyotokea kabla ya ugonjwa kujulikana

Kikohozi kilianza taratibu. Baba alikilaumu vumbi la saruji, na dhana hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa wenzake kadhaa pale bohari walikuwa wanakohoa pia. Mama alimchemshia tangawizi na limau. Kilipozidi, alinunua dawa ya maji ya kikohozi kwenye duka la dawa, halafu vidonge vya amoksilini, vichache, kulingana na hela aliyokuwa nayo mfukoni. Alipata nafuu kidogo, akaamini dawa imefanya kazi.

Wiki ya nne hivi alipita kwenye kituo kimoja cha afya. Alipimwa malaria, hakuwa nayo. Akaambiwa ana maambukizi ya kifua, akapewa antibiotiki nyingine. Hakuna aliyemwuliza amekohoa tangu lini.

Kufikia mwezi wa tatu alikuwa anaamka usiku akiwa ameloa jasho. Chapati mbili alizokuwa anakula asubuhi zikawa moja, kisha nusu. Mshipi wake ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya kwa msumari. Bado alienda kazini, kwa sababu siku asiyoenda ni siku isiyo na unga. Aliendelea hivyo mpaka alipokohoa kwenye kitambaa akaona damu. Siku hiyo mama alifunga biashara, akampeleka mwenyewe kwenye kituo kingine.

Huko alipokelewa na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuwa kwenye meza ya uchunguzi wa awali. Mwanafunzi aliuliza maswali manne ambayo kila muuguzi wa Kenya anapaswa kuyajua usingizini: Je, una kikohozi, hata cha siku chache? Je, una homa? Je, unatokwa jasho usiku? Je, umepungua uzito? Majibu yote yalikuwa ndiyo. Kabla ya kuandika chochote zaidi, alimpa barakoa na kumhamishia kwenye benchi la nje, chini ya paa lisilo na kuta, mbali na akina mama waliokuwa wamebeba watoto wachanga wakisubiri chanjo. Aliandika pia alichokiona na kukipima: uzito kilo 51 kwa urefu wa sentimita 172, joto 37.9, pumzi 24 kwa dakika.

Makohozi yalipimwa kwa mashine ya GeneXpert, inayotafuta chembe za urithi za bakteria na kutoa jibu kwa takriban saa mbili. Bakteria walipatikana, na hapakuwa na dalili ya usugu dhidi ya rifampisini. Kipimo cha virusi vya Ukimwi kilitoka hasi, na sukari ya damu ilikuwa sawa. Kesho yake alianza matibabu ya miezi sita: miwili ya dawa nne kwa pamoja, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Dawa hizi hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Ziara ya nyumbani

Siku chache baadaye muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu (TB), mwanafunzi yule na mhudumu wa afya ya jamii walienda nyumbani. Walivaa nguo za kawaida na kuweka barakoa zao mkobani mpaka walipoingia ndani, kwa ombi la mama. Mwenye nyumba alikuwa ameshasikia fununu, na mama aliogopa kufukuzwa na kukimbiwa na wateja.

Kitu cha kwanza walichoonyeshwa ni kikombe. Mama alikuwa amemtengea mumewe kikombe, sahani na kijiko, akavifunga uzi mwekundu, na alikuwa anavichemsha kila jioni kwa makaa ambayo hakuwa na hela ya kuyanunua. Baba alikula peke yake, amewapa wengine mgongo. Lakini usiku ulipoingia, mlango ulifungwa, dirisha likiwa limezibwa, na baba akalala kitanda kimoja na mtoto.

Muuguzi hakumkemea. Alivuta kigoda, akasema, "Mama, umefanya kazi kubwa ya kuilinda nyumba yako. Sasa acha nikuonyeshe adui anapopitia." Akaeleza kwamba TB haikai kwenye kikombe wala nguo wala kupeana mikono. Mgonjwa akikohoa, kuimba au hata kuzungumza, hutoa vitone vidogo mno visivyoonekana. Vitone hivyo huning'inia hewani kwa saa nyingi katika chumba kisichopitisha hewa, na mtu huvivuta hadi kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu. Hewa inayopita huvitawanya, na mwanga wa jua huua bakteria. Uzi mwekundu ukafunguliwa siku hiyohiyo. Mama aliufungua huku akilia.

Kadibodi haikuwa rahisi namna hiyo. Baba alisema waziwazi kwamba afadhali kukohoa kuliko kuibiwa. Walikubaliana hivi: mchana dirisha na mlango viwe wazi, baba ahamie kwenye godoro lililo karibu na mlango, mtoto alale upande wa pili wa pazia, na mhudumu wa afya ya jamii azungumze na mwenye nyumba kuhusu wavu wa chuma. Wavu ulifungwa baada ya wiki kadhaa.

Kisha wakaanza kuorodhesha kila anayelala mle ndani. Mhudumu wa afya ya jamii aliomba kijitabu cha kliniki cha mtoto. Mtoto alikuwa na kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye mkono wa kushoto na chanjo zake zilikuwa kamili. Lakini mstari wa ukuaji, uliokuwa unapanda vizuri tangu kuzaliwa, ulikuwa umelala miezi mitatu mfululizo. Mama alisema mtoto "amekuwa mpole siku hizi". Mtoto wa miaka mitatu anayeacha kucheza ni taarifa ya kitabibu, na mwanafunzi aliiandika hivyo.

Maamuzi na sababu zake

*Baba hakulazwa hospitalini.* Wanafunzi huuliza sana kwa nini. Watu wa nyumbani walikuwa wameshavuta hewa ile kwa miezi mitatu, kwa hiyo hatari kubwa ilikuwa imeshapita. Dawa sahihi hupunguza haraka uwezo wa kuambukiza, na mgonjwa anayepumua vizuri na kula hahitaji kitanda cha wodi. Kulazwa kungemtenga na watu ambao ndio wangemsaidia kumeza dawa.

*Mtoto alianzishiwa matibabu bila bakteria kuonekana.* Watoto wadogo hawawezi kutoa makohozi vizuri, na hata yakipatikana huwa na bakteria wachache. Jibu hasi halimwondolei shaka. Timu ilijumlisha mambo manne: kuishi na mgonjwa, kikohozi, uzito uliosimama, na picha ya kifua iliyoonyesha tezi zilizovimba karibu na njia za hewa. BCG huwakinga watoto zaidi dhidi ya aina kali, kama TB ya utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, ila haizuii kabisa TB ya mapafu. Kusubiri uthibitisho kwa mtoto wa umri huu ni kucheza na maisha yake. Alipewa vidonge vya watoto vyenye ladha ya matunda, vinavyoyeyuka ndani ya maji. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuvisambaza kote nchini, mwaka 2016. Kabla yake, wauguzi na wazazi walikuwa wanakata vidonge vya watu wazima na kukisia kipimo.

*Mama alipewa dawa ya kinga.* Hakuwa na dalili yoyote. Kipimo cha ngozi kilivimba wazi, ishara kwamba bakteria wameshaingia mwilini. Timu ilihakikisha kwanza kwamba hana ugonjwa wenyewe, na hatua hii haiwezi kurukwa: ukimpa mgonjwa wa TB dawa mbili za kinga badala ya nne za tiba, unawafundisha bakteria usugu. Alipangiwa isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki, kwa wiki 12. Muuguzi alimwuliza pia anapanga uzazi kwa njia gani. Alikuwa anatumia vidonge. Rifapentini hupunguza nguvu ya vidonge hivyo, hivyo wakakubaliana kuhusu kondomu kwa kipindi chote cha dawa na muda fulani baada yake. Nalisifu swali hilo moja kuliko mengi yaliyofanywa katika kisa hiki, kwa sababu halimo katika fomu yoyote ya TB niliyoiona.

*Kijana alipimwa alipokuja likizo.* Hakuwa na dalili, kipimo cha ngozi hakikuvimba, na kiliporudiwa baada ya miezi miwili hakikuvimba tena. Alipewa dawa ya kinga hata hivyo, kwa kuwa mwongozo unawahusu wote walioishi na mgonjwa na kipimo cha ngozi si sharti.

*Nyanya aliandikwa "hayupo".* Alikuwa amerudi mashambani siku ya ziara. Neno hilo likakaa kwenye orodha.

Wiki ya sita

Baba alianza kula. Homa iliisha, damu ikakoma, uzito ukafika kilo 54. Wiki ya sita hakuonekana kliniki kuchukua dawa.

Mhudumu wa afya ya jamii alimkuta bohari, amebeba gunia. "Sista, mimi sasa niko sawa," alimwambia muuguzi walipokutana jioni. Waliketi wakazungumza. Foleni ya kliniki ilianza saa mbili, wakati nafasi ya kibarua ilikuwa imepotea tangu alfajiri. Dawa zilimtia njaa kali, na njaa bila chakula ni mateso. Mkojo wake ulikuwa umegeuka rangi ya machungwa, akadhani ni damu inayotoka kwenye figo, kumbe ni rangi ya kawaida ya rifampisini na hakuna aliyemwonya. Na nyayo zilikuwa zinawaka moto usiku. Muuguzi aliomba kuona dawa zote. Vidonge vya vitamini B6 vilikuwa vimejaa kwenye pakiti. Baba aliviacha tangu mwanzo, akisema hizo ni vitamini tu. Isoniazidi hushindana na vitamini hiyo mwilini, na upungufu wake ndio huchoma miguu.

Muuguzi alimweleza kwamba dalili huisha mapema, wakati bakteria wengi wanaozaana upesi wamekufa. Wachache wanaozaana polepole hubaki wamejificha, na hao ndio huamka na kurudi wakiwa sugu dawa zikikatizwa. Kituo kikakubali achukue dawa alfajiri kutoka kwa muuguzi wa zamu ya usiku, mama akawa msimamizi wa kumeza, na B6 ikarudishwa. Hakukosa dozi tena.

Nyanya anarudi

Mwezi wa nne nyanya alikuja Nairobi kwa kliniki yake ya kisukari. Alikuwa amekonda, amechoka, na sukari yake ilikuwa juu sana. Kule mashambani walidhani ni kisukari tu. Hakuwa na kikohozi kikubwa, na wazee mara nyingi hawana. Muuguzi wa kliniki ya kisukari alimwuliza kama kuna mtu nyumbani anayetumia dawa za TB. Nyanya akajibu, "Mwanangu na mjukuu wangu." Makohozi yakapimwa siku hiyo, bakteria wakapatikana.

Matokeo

Baba alimaliza miezi sita. Makohozi yalipimwa kwa hadubini mwezi wa pili, wa tano na wa sita, yote yakawa hasi. GeneXpert haitumiki kufuatilia maendeleo, kwa sababu hunasa chembe za urithi hata za bakteria waliokwisha kufa. Kwenye rejista aliandikwa "amepona". Uzito ulifika kilo 59. Mtoto aliongezeka uzito tangu mwezi wa pili na akarudi kuwasumbua majirani. Mama alimaliza dawa ya kinga. Kijana yuko shuleni.

Lakini baba hawezi tena kupakua saruji. Akipanda ngazi kidogo hupumua kwa shida, kwa kuwa kifua kikuu huacha makovu kwenye mapafu hata baada ya bakteria kuisha. Sasa ni mlinzi wa usiku kwa ujira mdogo zaidi. Familia ina deni dukani na karo ya kijana imechelewa. Nyanya, wakati wa kuandika haya, bado anatumia dawa.

Uchambuzi

*Kuambukizwa na kuugua ni mambo mawili.* Mama na baba waliambukizwa wote. Kwa mama, kinga ya mwili iliwazingira bakteria na kuwatuliza. Wako hai kama kaa la moto chini ya majivu, ila haumwi na hamwambukizi mtu. Inakadiriwa kwamba takriban robo ya watu wote duniani wako katika hali hii, na kati yao asilimia 5 hadi 10 tu ndio huugua wakati fulani maishani, wengi ndani ya miaka miwili ya kwanza. Kumwita mama mgonjwa ni kosa. Kumwita mzima asiyehitaji kitu ni kosa pia. Dawa ya kinga ipo kwa ajili ya nafasi hiyo ya katikati, ambayo wanafunzi wengi hawaioni kwa sababu wamezoea kugawa watu mafungu mawili.

*Pembetatu haina pande zinazolingana.* Daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza bakteria wa kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, na tangu hapo kisababishi kimekuwa rahisi kutaja. Katika kisa hiki kisababishi ni kimoja kwa wote watano, hivyo hakiwezi kueleza tofauti zao. Tazama wenyeji. Mtoto ana kinga changa. Nyanya ana kisukari, kinachozidisha hatari ya kuugua TB mara mbili hadi tatu. Baba alikuwa anavuta sigara, anafanya kazi nzito na kula kidogo. Mama alikuwa na mwili wenye lishe na nguvu za kutosha kuwadhibiti. Tazama mazingira: kijana aliokolewa na shule ya bweni. Damu yake ni ileile ya wazazi wake, chanjo yake ni ileile ya mdogo wake, lakini alivuta hewa ya chumba kile kwa siku chache za likizo tu.

Kwangu, upande wa mazingira ndio uliobeba uzito mkubwa. Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, aliandika juu ya hewa safi katika chumba cha mgonjwa mwaka 1859, zaidi ya miaka 20 kabla ya tangazo la Koch, akiwa hajui lolote kuhusu bakteria huyu. Uingereza, vifo vya kifua kikuu vilikuwa vimeshapungua sana kabla streptomaisini, antibiotiki ya kwanza ya kutibu kifua kikuu, haijapatikana miaka ya 1940. Nyumba, chakula na hali ya kazi zilichangia. Muuguzi wa Nairobi anayejua dawa zote nne lakini haulizi kuhusu dirisha anajua nusu ya ugonjwa.

*Anachohisi mgonjwa na kilichopo mwilini haviendi sambamba.* Dalili ni anachosema mgonjwa. Ishara ni unachokiona na kukipima. Mwanzoni baba alikuwa na ugonjwa lakini hakujiona mgonjwa, kwa sababu bado aliweza kubeba gunia, na katika maisha yake hicho ndicho kipimo cha afya. Wiki ya sita hakujihisi mgonjwa huku ugonjwa ukiwa bado upo. Mwishoni hana ugonjwa, lakini hajisikii mzima. Mara tatu, hali mbili hizo hazikukutana. Muuguzi anayemwita mgonjwa wa wiki ya sita mkaidi hajaelewa kwamba mgonjwa anatumia ushahidi pekee alio nao, yaani mwili wake.

*Historia asilia ya ugonjwa na ngazi za kinga.* Mpangilio wa ngazi tatu za kinga wa Leavell na Clark, wataalamu wa afya ya jamii, ulioenea miaka ya 1950, unafaa hapa vizuri. Dirisha, chanjo na dawa ya kinga ni kinga ya kwanza, kabla ugonjwa haujaanza. Maswali manne, GeneXpert na kijitabu cha mtoto ni kinga ya pili: kuunasa ugonjwa mapema. Vitamini B6, kubadilisha saa za kuchukua dawa na kazi mpya ya baba ni kinga ya tatu, kupunguza madhara. Ila zingatia kwamba ngazi hizi hazikufuatana kama darasani. Siku ya ziara ya nyumbani mbili za kwanza zilifanyika ndani ya saa moja, kwa watu tofauti waliokaa kwenye godoro moja. Na kumtibu baba kulikuwa kinga ya kwanza kwa majirani.

*Kilichofanya kazi.* Mwanafunzi kumtoa baba kwenye foleni kabla ya kuandika. Kijitabu cha ukuaji. Muuguzi kuanza na sifa kabla ya kusahihisha suala la kikombe. Angeanza na lawama, asingesikia habari ya mtoto "mpole". Kliniki ya kisukari kuuliza kuhusu TB.

*Kilichoshindwa.* Duka la dawa na kituo cha kwanza viliuza na kutoa antibiotiki bila swali la muda wa kikohozi, na miezi miwili ikapotea hapo. Elimu ya siku ya kwanza haikutaja rangi ya mkojo wala kazi ya B6. Saa za kliniki zilipangwa kwa ajili ya watu wenye mshahara wa mwezi.

Zito zaidi ni nyanya. Ukirudi kwenye karatasi niliyokuomba uandike mwanzoni, huenda jina lake lilikuwa juu au la pili. Timu ilijua ana kisukari, ilijua amelala mle kwa miezi, ilijua anasafiri. Kilichohitajika ni simu moja mashambani na barua ya rufaa kwa kituo cha kaunti ya kwao. Aliyekuwa katika hatari kubwa kuliko watu wazima wote ndiye pekee ambaye hakufuatiliwa, na alipoanza kuugua alikuwa analala na wajukuu wengine kule mashambani.

*Je, baba ana afya?* Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inaieleza afya kuwa hali ya ukamilifu wa mwili, akili na ustawi wa kijamii, si kutokuwepo tu kwa maradhi au udhaifu. Wakosoaji wanasema kwa kipimo hicho karibu hakuna mwenye afya duniani, na wana hoja. Hata hivyo, ufafanuzi huo ndio unaotuzuia kufunga faili la baba kwenye neno "amepona". Alipelekwa kwa tabibu wa viungo kwa mazoezi ya kupumua, akasaidiwa kuacha sigara, na mama akaunganishwa na kikundi cha akiba cha wanawake wa mtaani.

Kilichobadilika kliniki

Orodha ya watu wa nyumbani sasa hairuhusiwi kufungwa ikiwa na neno "hayupo". Mbele ya jina la asiyekuwepo huandikwa namba ya simu ya mtu anayeishi naye, kaunti alikoenda, kituo kilichopewa rufaa na tarehe ya kuulizia tena. Wajukuu wawili wa nyanya walioko mashambani walipatikana kwa njia hiyo, wakapimwa katika zahanati ya kwao, na wote wawili wameanza dawa ya kinga.